Saa ya kupandia milima, kwenye mkono wa fundi pampu wa Pemba

Niseme mapema ili msio na muda mwende zenu: kama unataka saa ikwambie nyumba yako iko mita ngapi juu ya bahari, usinunue hii, wala usinunue ndugu zake. Kama unataka kujua nyumba yako imekizidi kisima chako kwa mita ngapi, nunua, na laki na nusu yako haitapotea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na wauzaji wa saa hizi hawakwambii, pengine kwa kuwa na wao hawajui.

Kazi yangu ni pampu na mabomba, Pemba, zaidi upande wa Wete na Mtambwe. Wageni wakisikia kisiwa hudhani ni ufukwe mtupu. Pemba haina mlima, kilima kirefu kabisa ni kama mita mia hivi, lakini vilima vimesongamana: bonde la mpunga, kilima cha mikarafuu, bonde tena, kilima tena. Watu wamejenga juu na maji yako chini. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila mteja ni hilo hilo siku zote: kutoka maji yalipo mpaka tangi litakapokaa, kwenda juu ni mita ngapi? Sisemi umbali wa kutembea. Nasema kwenda juu. Mteja atakujibu "ni hapo tu, hatua mia mbili", na hatua mia mbili za Mtambwe zinaweza kukufikisha kwenye kimo cha mnazi uliopandishwa juu ya mnazi mwengine.

Kimo hicho ndicho kinachoamua pampu. Ubavuni mwa kila pampu kuna kibati kimeandikwa H max, tuseme mita 35. Wengi hukisoma kuwa pampu hiyo itapeleka maji mita 35. Haipeleki. Kwenye mita 35 maji yanasimama ndani ya bomba yakikuangalia, hayatoki hata tone. Ili yatoke ya kujaza tangi, lazima kimo chako kiwe chini ya hapo, na kwa mbali. Ukikosea mita kumi umenunua mota ya kuunguza umeme bure. Ndiyo maana fundi wa Pemba akinunua saa ya wapanda milima msimcheke.

Zamani, na mpaka leo pale ninapotaka uhakika wa kiapo, natumia mpira wa maji. Unajaza maji mpira mweupe, mtu mmoja anashika ncha chini na mwengine ncha ya juu, maji yanajisawazisha yenyewe, unaweka alama, unapanda hatua nyengine. Hakuna chombo cha kweli kuliko huo. Lakini kwenye kilima chenye migomba, mihogo na mbwa wa jirani, ni kazi ya nusu siku na vijana wawili, na mteja hajaamua bado kama atakupa kazi au la. Nilikuwa nataka kitu cha kunipa jibu la dakika kumi.

Saa yenyewe ni ya plastiki nyeusi, nene, vitufe vinne. Jina la kampuni silitaji, maana nimeshika za kampuni nyengine na tumboni zinafanana. Niliinunua Darajani, sokoni mjini Unguja. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina na Kiingereza, imekunjwa ukubwa wa kiberiti, na herufi zake zinahitaji kijana mwenye macho. Kioo kinasomeka vizuri juani, jambo ambalo kwa kazi yetu ni muhimu kuliko taa. Taa yake ni dhaifu. Mkanda ulianza kupasuka tundu la tatu, nikautia mwengine wa nailoni. Maji ya mvua haiogopi. Kuzama nayo sijajaribu na sitajaribu.

Kitu cha kuangalia ni ubavu wa kushoto. Pana vitundu vidogo vya kuingizia hewa, na nyuma yake ndiko kilipo kidude kinachopima mgandamizo wa hewa. Jasho, chumvi na udongo wa shimoni huviziba, na vikiziba saa inakuwa nzito kujibu: umeshafika juu, yenyewe bado iko bondeni. Isuuze kwa maji baridi ya mvua kila unaporudi pwani. Usichokonoe kwa sindano, utakiua kidude.

Sasa inavyofanya kazi, kwa sababu bila ya kujua hili utaitukana bure. Saa haipimi kimo. Haina kitu chochote ndani kinachoona chini wala juu. Inapima hewa tu, halafu inakisia. Bi mkubwa mmoja wa Mtambwe aliniuliza vizuri zaidi kuliko mwalimu yeyote. Nimesimama uani kwake naiangalia saa, akasema:

"Mwanangu, hiyo imekijuaje kilima changu?"

"Haikijui, bibi. Inapima hewa. Kule kisimani hewa nyingi imetulalia, huku juu imepungua kidogo."

"Hewa inalala?"

"Inalala. Kila mita moja ya mraba ya ua wako imebeba hewa ya tani kumi."

Akaangalia bati zake, mpya, zimeletwa na mwanawe aliyeko Muscat. "Basi bati hizi zina kazi."

"Na chini ya bati ipo hewa ile ile, inasukuma kwenda juu."

"Ah," akasema, "afadhali," akarudi jikoni.

Tani kumi si maneno ya kumfurahisha mtu. Usawa wa bahari mgandamizo wa kawaida ni hPa 1013 (hPa ni hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa), nao ni uzito wa hewa yote iliyo juu yako mpaka inapoishia. Ukipanda, hewa uliyoiacha chini haikulemei tena, namba inashuka. Karibu na bahari inashuka hPa 1 kwa kila mita nane na kitu. Kidude cha kupimia ni kidogo kuliko punje ya mpunga na kinafanya kazi ya ajabu: kile kinachoitwa BMP280, cha Bosch, ambacho mafundi wa elektroniki hukinunua peke yake, kinaweza kutofautisha hPa 0.12, yaani kama mita moja ya kupanda. Kinyanyue kutoka sakafuni ukiweke juu ya kabati, kinajua. Lakini ukikiuliza mgandamizo kamili, si tofauti, kinaweza kupotea hPa nzima, mita nane au tisa hizo. Kujua tofauti ndiyo kazi yake. Kujua mahali hasa ulipo siyo.

Halafu kwenye kukisia ndiko kwenye matatizo mawili, na yote mawili kwetu visiwani ni makubwa kuliko huko saa ilikotengenezewa.

La kwanza ni saa za mchana. Chukua saa hii, iweke mezani Wete saa nne asubuhi, iambie hapa ni mita 30. Usiiguse. Irudie saa kumi jioni. Itakwambia meza yako imepanda, iko mita 50 na kitu. Saa nne usiku meza imeshuka. Saa kumi alfajiri imepanda tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Mtu asiyejua ataipeleka dukani akadai pesa yake. Saa ni nzima, ila hewa yenyewe inajaa na kupwa. Mgandamizo unafika juu kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kabisa saa kumi na saa kumi, na tofauti ya asubuhi na jioni kwetu ni kama hPa 3. Bahari hufuata mwezi, lakini hewa inafuata jua: jua linapasha moto hewa ya juu, na angahewa nzima inatikisika mara mbili kwa siku. Ulaya jambo hili lipo lakini limefunikwa na dhoruba zao, barometa yao inapanda na kushuka kwa sababu nyengine kubwa zaidi. Huku karibu na mstari wa ikweta linaonekana waziwazi. Mjerumani Alexander von Humboldt, aliyezunguka Amerika ya Kusini kuanzia 1799, aliona mpango huu hauvunjiki kiasi kwamba mtu angeweza kujua saa kwa kuangalia barometa.

Kwa fundi maana yake ni hii. Kati ya saa tano na saa nane mgandamizo unaanguka kwa kasi, kama mita tano za uongo kwa kila saa moja. Ukipima kisimani saa tano, ukakaribishwa chai na mkate wa kumimina, ukapanda kwenye tangi saa saba na nusu, kilima kimeongezeka zaidi ya mita kumi na wewe hukukichimba. Kwa hiyo mimi hupima mapema, saa nne hivi, wakati mgandamizo umefika juu ukatulia, au jioni karibu na saa kumi. Na sipimi mara moja. Naiweka sufuri kwenye mdomo wa kisima, napanda moja kwa moja bila ya kusalimiana na mtu, nasoma, narudi kisimani, nasoma tena. Ikirudi sufuri, vizuri. Ikisema mbili, basi hewa imeshuka nilipokuwa njiani, natoa nusu yake, moja, kwenye kile nilichosoma juu. Salamu naanza baadaye. Wazee wamezoea sasa, wanajua nikipita mbio nimevaa saa sina kiburi.

Tena kwa hilo hilo, wapo wanaosema wataenda pwani waiweke sufuri kwenye maji. Maji yapi? Kwenye bamvua bahari yetu hapa inapanda na kushuka kama mita nne. Usawa wa bahari unaoandikwa kwenye ramani ni wastani, na wastani huo huwezi kuukanyaga.

Tatizo la pili ni joto. Saa hizi zote zimefundishwa hewa moja, ile wanayoiita ya kawaida: usawa wa bahari nyuzi 15, na ukipanda kilomita moja joto linapungua nyuzi 6.5. Kwenye hewa hiyo namba zinakwenda hivi: baharini 1013, mita 1,000 ni 899, mita 2,000 ni 795, mita 3,000 ni 701, na ukifika kama mita 5,500 umeacha nusu ya hewa yote chini yako. Anayetaka kukokotoa mwenyewe kwa simu: chukua mgandamizo wa ulipo, gawanya kwa ule wa usawa wa bahari, jibu lipandishe kwa kipeo cha 0.19, litoe kwenye moja, kinachobaki zidisha kwa 44,330. Hizo ndizo mita zako, na ndiyo hesabu iliyomo ndani ya saa, haina zaidi.

Lakini nani Pemba amewahi kuamka kwenye nyuzi 15? Sisi tuko kwenye 30, na unyevu juu yake. Hewa ya moto imetanuka, ni nyepesi, kwa hiyo ili mgandamizo upungue hPa moja lazima upande zaidi: si mita 8.3 inazozijua saa, ni karibu 8.9. Saa inakwambia 30, kweli ni 32. Ongeza sita kwa kila mia, au saba mchana wa Februari, na utakuwa karibu sana na ukweli. Hili halimo kwenye karatasi ya maelezo, si kwa Kichina wala kwa Kiingereza. Wapo watakaosema mita mbili si kitu. Kwenye kilima kimoja kweli si kitu. Kwenye pampu iliyobaki na mita mbili tu za kupumulia, ni yote.

Turudi kwa bi mkubwa, maana kwake ndiko nilikoifanyia saa hii mtihani wa haki. Sufuri kisimani. Juu, pale panapokaa tangi, 31. Kurudi kisimani, 2. Natoa moja, 30. Naongeza ya joto, 32. Kwa kuwa kazi nilishapewa, tukaupitisha mpira wa maji kilima kizima, hatua kwa hatua, mimi na kijana wangu, mpaka adhuhuri. Ukatoa mita thelathini na mbili na nusu. Nusu mita kwa kidude cha laki na nusu, kwenye dakika kumi! Kijana aliyeshika mpira asubuhi nzima hakufurahi kama mimi.

Kwa hesabu ya pampu haikuishia hapo, bila shaka. Maji ya kisima yako mita sita chini ya mdomo, na kiangazi yanazidi kushuka. Mnara wa tangi mita tatu. Hiyo ni arubaini na moja na nusu, na bado hujalipa msuguano wa bomba jeusi refu. Pampu aliyokuwa ameshauziwa mjini, muuzaji akimhakikishia kuwa ni kiboko, ilikuwa na H max 35.

Na muuzaji huyo huyo alikuwa na dawa ya pili: iwekeni pampu juu nyumbani, ivute. Hapa sasa ndipo mgandamizo wa hewa unapokuwa si mambo ya saa tena. Pampu haivuti maji. Hakuna pampu inayovuta maji duniani. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje, zile tani kumi, ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Na nguvu yake ina mwisho: usawa wa bahari haiwezi kunyanyua maji zaidi ya mita 10.3, hata ulete mota ya meli. Kwa kazi ya kweli, na viungo vyetu vinavyopitisha hewa, hesabu saba. Mafundi visima wa Italia waligonga ukuta huu huu karne ya 17, wakawauliza wenye elimu, na ni kutokana na swali lao ndipo Evangelista Torricelli, 1643, akajaza zebaki kwenye bomba la kioo, ikasimama kama milimita 760, akaelewa kuwa tunaishi chini ya bahari ya hewa. Miaka mitano baadaye, Septemba 1648, Blaise Pascal alimtuma shemeji yake, Florin Périer, apande na bomba hilo mlima wa Puy de Dôme huko Ufaransa, na juu zebaki ikashuka. Saa yangu ni mjukuu wa bomba lile. Ninapenda kuwa jambo lote lilianzia kwenye pampu iliyokataa, si kwa wapanda milima.

Mafundi wenzangu mnaopata kazi bara, hesabu hii ibebeni. Arusha iko kama mita 1,400, mgandamizo ni kama 860, na pale mwisho wa kunyanyua kwa hewa si 10.3 tena, ni 8.7 hivi, na kwa kazi ya kweli sita ni nyingi. Pampu inayoimba Chake Chake itakohoa Arusha kwenye kisima cha kina kile kile, na mota haina kosa.

Nilitaka pia kujua inafika wapi kwenye milima ya kweli. Shemeji yangu anaongoza wageni Kilimanjaro, nikampa aende nayo. Lango la Marangu akairekebisha kwa kimo kilichoandikwa kwenye kibao. Uhuru, kibao kinasema 5,895, saa ikasema chini ya 5,700. Wageni wake wakaiona mbovu, wenye saa za bei kubwa wakacheka. Nilipomuuliza kama na zao zilikuwa sawa, akasema zao zinachanganya na setilaiti, ndiyo maana. Kwa hewa tupu zingepotea vile vile, kwa sababu ile ile ya joto: hewa yetu ya tropiki, kutoka chini mpaka juu, ina joto kuliko hewa ya vitabuni, imesimama mrefu zaidi. Kule kileleni mgandamizo ni kama 500, nusu ya wa Wete, na hPa moja inataka mita kumi na tano za kupanda badala ya tisa. Kosa dogo la hewa linazaa kosa kubwa la mita. Kama ni mpanda mlima, irekebishe kila kambi yenye kibao. Usiibebe namba ya Marangu mpaka kileleni.

Kwenye ndege ndogo ya Unguja kuja Pemba inafanya vizuri, unaiona inapanda na kushuka na rubani, kwa sababu ndege hizo hewa ya ndani na ya nje ni moja. Kwenye ndege kubwa za masafa usishangae ikikwama kwenye mita 2,000 na kitu wakati rubani ametangaza 11,000. Ndani kumejazwa hewa ili mpumue.

Sehemu ya hali ya hewa iliyomo ndani ya saa hii ni upuuzi, kwa hapa kwetu. Ina picha ya jua, ya wingu na ya mvua. Mgandamizo ukishuka, wingu. Na kwa kuwa kwetu mgandamizo unashuka kila mchana wa Mungu, kila jioni ina wingu, hata kaskazi kavu isiyo na doa mbinguni, na kila asubuhi jua, hata masika inapomwaga ndoo. Mfumo huo umetungwa kwa nchi ambazo mgandamizo ukianguka kweli kuna kitu kinakuja. Kwetu kimbunga ni nadra. Kile cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndipo karafuu ikahamia kwetu. Hidaya ya Mei 2024 ilipigia kusini, upande wa Mafia. Kwa habari za namna hiyo sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiangalie katuni mkononi. Kipimajoto chake nacho ukiwa umeivaa kinapima ngozi yako. Ivue, iache kivulini kama dakika ishirini, ndipo ikuambie ukweli.

"Mbona nisitumie simu tu?" Vijana wananiuliza hilo kila mara. Inategemea simu. Nyingi za bei yetu hazina kidude cha mgandamizo, zinakisia kwa setilaiti, na setilaiti kwa kwenda juu na chini ni dhaifu, inaweza kukuyumbisha mita kumi, ishirini, ukiwa umesimama pale pale chini ya mwembe. Tena baadhi ya programu huonyesha kimo kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, ambalo kwa upande wetu huu wa Afrika linapita juu ya bahari yenyewe, kwa hiyo ukisimama ufukweni mguu mkavu simu inakuandikia uko mita ishirini na kitu chini ya bahari. Simu zenye kidude cha hewa, za bei, ni nzuri kuliko saa hii, zinatoa na desimali wakati saa inaonyesha hPa nzima nzima. Mpwa wangu anayo. Lakini simu ya milioni siingii nayo kwenye bonde la mpunga, na yeye mwenyewe hanipi.

Betri hudumu, ni ile ya kidonge ya kawaida inayopatikana Wete kwa fundi saa yeyote, ila mwambie arudishe vizuri ule mpira wa kuzuia maji. Kengele ya kila saa izime, inalia hata msikitini.

Ukienda kununua, jihadhari na moja: ziko saa zimeandikwa altimeta usoni kwa wino tu, ndani hamna kitu. Usizihukumu kwa sura. Muombe muuzaji aipeleke kwenye ukurasa wa mgandamizo, uitie ndani ya kopo laini la plastiki lenye kifuniko, kikaze, halafu libinye kopo kwa mikono miwili huku unaitazama. Yenye kidude, namba inaruka juu mara moja, na kimo kinakwenda chini ya bahari. Kisha muombe upande nayo ngazi. Nyumba za Darajani zina ghorofa za kutosha: kila ghorofa mita tatu, zaidi kidogo kwenye nyumba za zamani. Ikikwambia mita sita ghorofa ya pili, lipa. Muuzaji akikataa utoke na saa yake, mwachie kitambulisho. Akikikataa na kitambulisho, duka la pili liko mlango wa pili, na bei haipiti elfu kumi tofauti.